Vivimbe vya Mwambangoma: Safari ya Kurekodi Wadudu na Uyoga Dar es Salaam

Nimerudi Morogoro, nguo zimekauka, picha nimezipanga kwa tarehe, na daftari limevimba kwa unyevu ila linasomeka. Nayaandika haya kwa ajili ya yeyote anayefikiria kuifanya kazi hii Dar wakati wa vuli.

Kazi yenyewe ni ya kujitolea. Unapiga picha mdudu, kivimbe cha jani au uyoga, unaandika umekikuta wapi na lini, kisha unapandisha rekodi kwenye tovuti ya iNaturalist. Watu wanaolijua kundi hilo, popote walipo duniani, wanatoa majina. Zaidi ya theluthi mbili yao wakikubaliana kwenye spishi moja, rekodi inapanda daraja na kuwa ya kufaa utafiti, na kama umeiweka chini ya leseni huria inasafiri yenyewe hadi GBIF, hazina ya data za viumbe yenye sekretarieti Copenhagen. Pale mtafiti wa Chuo Kikuu cha Sokoine au wa Brazili anaichukua bure. Mimi ni mtu wa maabara ya hospitali, siku nzima nipo kwenye hadubini natafuta vimelea vya malaria. Likizo zangu zote huishia huku.

Nilichojifunza kwenye kazi hii ni kwamba ramani ya wadudu kwanza ni ramani ya mahali watu walipopata nafasi ya kusimama. Ukiikuza Dar kwenye skrini, nilivyoiona mimi, vidoti vinaufuata ufuko na mitaa yenye bustani kubwa. Ukielekea bara, vinapungua. Haina maana kwamba huko hakuna wadudu. Basi nilipanga safari ya kwenda kwenye uwazi huo, na nilikuwa na mti mmoja kichwani: mwambangoma, ule wa miiba na maua mekundu, ambao majani yake huota vivimbe.

Jumamosi, Novemba 18, 2023. Msamvu hadi Mwananyamala

Basi la asubuhi, shilingi 9,000. Hadi Mlandizi hakuna la kusimulia. Kuanzia Kibaha mvua ilishuka ile ya El Niño tuliyotangaziwa tangu Agosti, na Mbezi nilishuka saa sita nikiwa na begi, boksi la vichupa na shuka jeupe lililofungwa kwenye mfuko wa plastiki. Gari la Makumbusho lilikuwa limejaa. Konda alilitazama boksi, akauliza kama ni dawa, nikamwambia ni vichupa vya kuwekea wadudu. Akalichukua akaliweka juu ya injini pembeni ya dereva na kutangaza gari zima: "Jamani, mzigo wa mwalimu huu, asikanyage mtu." Sikumsahihisha. Foleni ya Ubungo ilikula saa mbili.

Shangazi alinipokea kwa wali wa nazi na samaki wa kukaanga, na swali lake la kila mwaka: "Mwanangu, hao wadudu wanakulipa?" Nikamjibu kama kila mwaka, akacheka, akanipa ufunguo wa uani.

Usiku mvua ilipokatika nilitundika shuka ukutani na kuelekezea taa. Robo saa haikupita, kumbikumbi wakaja. Jirani, mama mmoja wa Kigoma, alikuja na beseni la maji akaliweka chini ya taa, na wale walioangukia humo walikuwa wake. Tukafanya kazi pamoja, yeye anakusanya wa kukaanga, mimi napiga picha. Watoto wa nyumba tatu walikuwa wamechuchumaa pale na nikawaonyesha jinsi ya kutofautisha kumbikumbi na siafu au sisimizi wenye mabawa: kumbikumbi ana mabawa manne yenye urefu uleule na kiuno chake hakikubanwa, wakati sisimizi ana kiuno chembamba, mabawa ya mbele marefu kuliko ya nyuma, na vipapasio vyake vimekunjwa kiwiko. Binti mmoja wa darasa la tatu hivi akawa mkaguzi. Kila aliyetua alimtangaza, na sikumkuta akikosea.

Kwa watakaofuata: kabla ya kutundika shuka usiku, mwambie mwenyekiti wa mtaa na majirani wa pande zote. Shuka jeupe linaloning'inia saa nne usiku na mtu anayezunguka na tochi huzua maneno. Taa nyeupe huvuta nondo kuliko ya njano. Na zima kabla ya saa sita, wadudu nao wana shughuli zao.

Jumapili, Novemba 19. Mlimani

Daladala mia tano hadi Mwenge, nyingine hadi Chuo Kikuu cha Dar es Salaam. Mlinzi wa getini aliomba kitambulisho, akasikiliza maelezo hadi mwisho, kisha akanielekeza penye miembe mingi.

Miembe ilikuwa na majani machanga ya rangi ya shaba, na kwenye yale yaliyokomaa kidogo nilikuta nilichokitaka: vivimbe vidogo mithili ya punje za ulezi, vimetawanyika juu ya jani zima, vingine vikiwa na tundu katikati. Tundu lina maana mwenye nyumba ameshatoka. Kivimbe hujengwa na mmea wenyewe. Mdudu hutaga ndani ya jani changa, na jani likajibu kwa kukuza nyama kuuzunguka mwili mgeni, nyama ambayo buu huila na kujificha humo. Kwenye miembe watengenezaji wanaojulikana zaidi ni visubi wa jenasi Procontarinia, kundi lenye asili ya Asia. Procontarinia matteiana, wa India, ameshafika hadi Afrika Kusini. Wangu nimewaacha kwenye ngazi ya familia, Cecidomyiidae, kwa sababu bila kumwona mdudu mzima sina haki ya kumpa jina la mbele.

Pembeni ya barabara kulikuwa na vichaka vya Calotropis, vile vyenye majani mapana ya kijivu na utomvu mweupe, na juu yake vipepeo Danaus chrysippus. Hapa nilikaa sana. Afrika Mashariki ni mahali ambapo sura kadhaa za kipepeo huyu hukutana: yule mwenye ncha nyeusi za mabawa ya mbele, yule asiye nazo kabisa, na yule mwenye bawa la nyuma jeupe. Miaka ya 1970 mtafiti D. A. S. Smith aliwachunguza hapa hapa Dar, wao na Hypolimnas misippus, ambaye jike lake huiga sura ya Danaus kwa sababu ndege wanajua Danaus ni mchungu. Nilimsubiri Hypolimnas jike hadi shingo ikauma. Dume nilimpata, mweusi mwenye madoa meupe yenye ukingo wa zambarau. Jike hakutokea.

Kwenye nyasi uyoga ulikuwa umeota kwa duara, kofia nyeupe zenye magamba ya kahawia katikati. Mama aliyekuwa anafagia alisimama. "Huo kwetu tunaula." Nikamwomba asubiri. Niligeuza mmoja mkubwa: chini ya kofia vile vibamba vilikuwa vimeanza kugeuka kijani kibichi kilichofifia. Nikamweleza kuwa huu unafanana na ule wa kwao, ila huu una sumu na ungemtapisha yeye na watoto usiku kucha. Alishika fagio lake na kuniambia, "Basi nenda kawaambie na wale wa mabwenini." Nilikwenda. Nilichukua kofia moja, jioni nikailaza juu ya karatasi nyeupe na kuifunika kwa bakuli. Asubuhi karatasi ilikuwa na mistari ya unga wa kijani, imetoka katikati kwenda ukingoni. Rangi hiyo ya vijimbegu, yaani ule unga ambao uyoga huzaliana kwao, ndiyo kitambulisho cha Chlorophyllum molybdites, na bila karatasi ile rekodi ingebaki na mashaka.

Kwa watakaofuata: uyoga upigwe picha juu, ubavuni na chini, pamoja na shina hadi chini kabisa. Picha ya kofia pekee haitambuliki. Na asiyekuwa na mtaalamu wa kumwonyesha asile uyoga wa kwenye picha ya mtu, hata ukiwa na daraja la juu kiasi gani.

Jumatatu, Novemba 20. Kigamboni na Gezaulole

Asubuhi Magogoni foleni ya kivuko ilikuwa ndefu, nikala chapati mbili na chai ya tangawizi kwa 1,500 nikiwa nimesimama. Nauli ya kuvuka mia mbili. Ng'ambo nilipanda gari la Mji Mwema, kisha bodaboda hadi Gezaulole kwa 4,000 kwa sababu barabara ilikuwa na madimbwi na dereva alitaka kurudi na faida.

Nilikuja kwa ajili ya majimoto, wale sisimizi wa mitini wanaoshona majani kuwa kiota. Chini ya mwembe ulioegemeana na mnazi nikakuta kiota kinajengwa, na hiki ni kitu ambacho kila mtu wa pwani anakiona tangu utotoni lakini wachache wamekaa wakakitazama. Vibarua kama ishirini walikuwa wamepanga mstari kwenye ukingo wa jani moja, miguu ya nyuma imekamata jani hili, meno yamekamata jani la pili, wanavuta. Nafasi ilipokuwa pana kuliko mwili wa mmoja, walishikana viuno wakawa mnyororo. Majani yalipokutana, alitokea kibarua mwingine akiwa amebeba buu mdomoni. Alimgusisha kichwa cha buu kwenye jani la kushoto, kisha la kulia, kushoto, kulia, na kila alipopita uzi mweupe ulibaki. Hariri ni ya buu, kwa maana mkubwa hana. Nilirekodi video ya dakika nne, mkono ukiwa na alama za meno tano.

Mzee mkwezi alikuwa anashuka mnazi wa jirani.

"Shikamoo mzee."

"Marahaba, binti. Majimoto hao unawapiga picha za nini? Si watu wazuri."

Nikamweleza. Akakaa juu ya gogo, akapasua dafu akanipa, akakataa hela. Alisema kupanda mnazi wenye majimoto anapaka majivu mikononi na shingoni. Halafu akaongeza mwenyewe, bila kuulizwa: "Ila mnazi wao haumwagi vidaka ovyo. Ule pale hauna majimoto, nenda kaangalie chini yake."

Nilikwenda. Chini ya ule mnazi vidaka, yaani nazi changa, vilitapakaa, na vingi vilikuwa na makovu marefu ya kahawia na matone ya gundi iliyoganda. Hiyo ni kazi ya mdudu mfyonzaji Pseudotheraptus wayi. Jina lake la pili linamkumbuka M. J. Way, aliyefanya uchunguzi Zanzibar na kuonyesha kwamba minazi inayokaliwa na majimoto, Oecophylla longinoda, huepuka hasara hiyo, na kwamba sisimizi mdogo wa ardhini mwenye kichwa kikubwa, Pheidole megacephala, huwafukuza majimoto na kuuacha mnazi bila mlinzi. Kwenye shina la mnazi ule, kimo cha goti, vijisisimizi vya kahawia vilikuwa vinapanda na kushuka. Nilivipiga picha kwa lenzi ya kubana kwenye simu. Mzee aliitazama picha ya askari wao mwenye kichwa kikubwa, akanyamaza kidogo, akasema, "Hawa ndio nitawamwagia maji ya moto."

Siku ile nilipata rekodi nzuri kuliko siku nyingine kwa sababu yake: mti kwa mti, wenye majimoto na usio nao, akiniambia upi unazaa. Kuna taarifa ambazo picha haibebi, na sehemu ya maelezo kwenye rekodi ipo kwa ajili hiyo. Iandikeni.

Jumanne, Novemba 21

Mvua kutwa nzima, Jangwani maji yamejaa, sikutoka. Nilipandisha picha kwa bando la 3,000 na kumsaidia Shangazi kuchambua mchele.

Jumatano, Novemba 22. Pugu na Kisarawe

Niliondoka saa kumi na moja alfajiri. Kariakoo hadi Gongo la Mboto, pale nikabadili gari la Kisarawe. Kilima cha Pugu gari lilikwama kwenye tope, abiria wanaume wakashuka kusukuma, na sisi wengine tukashuka kulipunguzia uzito. Saa nzima ilipotea hapo, ingawa ukingoni mwa barabara nilipata vunjajungu wa kijani na nondo wawili waliolala, kwa hiyo muda haukwenda bure.

Msitu wa Pugu na Kazimzumbwi ni hifadhi ya mazingira asilia chini ya Wakala wa Huduma za Misitu, mabaki ya misitu ya pwani ambayo zamani iliufunika ukanda huu. Kiingilio hulipwa kwa namba ya kumbukumbu ya malipo, si taslimu mkononi, na siku ile mtandao wa simu yangu ulikuwa haushiki. Askari wa hifadhi alinipa simu yake nikalipia humo, nikamrudishia. Kijana wa kuniongoza alikuwa amezoea kupeleka wageni kwenye mapango ya popo, yale yaliyobaki baada ya uchimbaji wa udongo mweupe. Nilipomwambia nataka magogo yaliyooza, alifurahi. Alikuwa anayajua yote.

Ndani ya msitu mwanga ni mdogo na simu inahangaika, kwa hiyo chukueni tochi ndogo na karatasi nyeupe ya kurudisha mwanga. Gogo la kwanza lilikuwa na uyoga masikio, laini, unanyumbuka ukiuvuta. La pili Schizophyllum commune, vikofia vidogo vya kijivu vyenye manyoya na umbo la pepeo, ambavyo chini yake vibamba vimepasuka kwa urefu. Uyoga huu upo katika kila bara isipokuwa Antaktika na hakuna anayejisumbua kuupiga picha, ndiyo maana nilipiga. Ramani ya kitu cha kawaida hujazwa na watu waliokubali kurekodi kitu cha kawaida. Kwenye kichuguu kijana alinionyesha uyoga mdogo mweupe ulioota kwa mamia, Termitomyces. Mchwa ndio wanaoulima chini kwa chini juu ya mboji ya majani waliyoyatafuna, nao hauoti pengine popote isipokuwa kwao. Njia ilikatwa na siafu na tulisubiri wapite, hapakuwa na namna.

Nikumbushe hapa: ndani ya hifadhi sikuchukua hata jani. Kukusanya sampuli kunataka kibali, na utafiti rasmi una kibali chake cha COSTECH, Tume ya Sayansi na Teknolojia. Picha haidai hicho ila inadai kiingilio na adabu.

Saa nane tulitoka upande wa mashamba, na pale, kwenye mpaka wa shamba la mihogo, nikauona. Mwambangoma mchanga, urefu wa mtu na nusu, magome yenye miiba butu. Maua mekundu yalikuwa yamekwisha na majani mapya yametoka na mvua. Nusu ya majani hayo yalikuwa yameharibika: mashina ya majani yamevimba yamepinda, vipande vitatu vya jani vimejikunja kwa ndani, vinene, vigumu ukivibonyeza. Nilipiga picha hadi mikono ikatetemeka.

Sababu ya furaha yangu ni hii. Mwaka 2004 wataalamu walimpa jina nyigu mdogo, Quadrastichus erythrinae, kutokana na vielelezo vya Réunion, Mauritius na Singapore. Ana urefu wa milimita moja na nusu hivi. Alikuwa anasambaa kwa kasi visiwani na Asia, akiivimbisha miti ya jamii ya mwambangoma mpaka inakufa. Aprili 2005 alionekana Hawaii, na mti wa wenyeji wa kule, wiliwili, ukaanza kuteketea bonde kwa bonde. Walipotafuta asili yake, njia ilielekea Afrika. Hapa Tanzania alipatikana nyigu mwingine, Eurytoma erythrinae, ambaye buu lake huingia kwenye vivimbe na kula mabuu ya yule wa kwanza. Baada ya kupimwa kwenye karantini aliachiwa Hawaii mwaka 2008, na wiliwili ukapata nafuu. Kwa hiyo huku kwetu mwambangoma unavimba, hauangamii, kwa sababu mshambuliaji na adui wake wameishi pamoja muda wote. Ila ni wapi hasa wapo, kijiji kwa kijiji, hilo linahitaji watu wa kusimama kwenye mashamba na kutazama.

Bibi mwenye shamba alitokea na jembe begani. Nikampa shikamoo, nikaeleza. "Mti wangu una maradhi?" Nikamwonyesha tundu moja dogo kwenye kivimbe, nikamwambia mdudu ametoka hapo, na kwamba mti utaendelea. Alisema ameukuta mti huo mama yake akiutumia kama mpaka, na aliupanda tena kwa kukata kijiti na kukichomeka. Nilimwomba majani mawili. Alinikatia tawi, kisha akanikalisha barazani kwa mihogo ya kuchemsha na chumvi. Kijana aliyeniongoza alikula zaidi yangu. Nilipotaka kuacha chochote bibi aligeuza uso, nikaona niache.

Majani niliyatia kwenye vichupa viwili vyenye kipande cha tishu kavu, mdomo nikaufunga kwa kitambaa chepesi na lastiki. Andikeni kwenye chupa tarehe, mahali na mti. Chupa bila maandishi ni takataka.

Ijumaa, Novemba 24. Kunduchi

Gari la Tegeta, nikashuka Mtongani, bajaji hadi pwani. Ujira ulikuwa 2,000 na dereva, kijana wa Kondoa, aliposikia naenda kwenye mikoko alizima injini akaja naye. "Kazi leo hakuna, dada, nikuangalizie viatu."

Maji yalikuwa yametoka. Kwenye michu, ile mikoko yenye vidole vya mizizi vinavyochungulia topeni, majani yalikuwa na chembe za chumvi zinazometa juu, chumvi ambayo mti unaitoa mwilini kupitia majani. Upande wa chini baadhi yalikuwa na vivimbe vya mviringo. Sikujua ni vya nani na sikubahatisha. Kwenye rekodi ipo sehemu ya kuonyesha kwamba ushahidi wako ni kivimbe na si mdudu mwenyewe, na nyingine ya kuandika mti mwenyeji. Zijazeni zote mbili, kwa sababu anayetambua vivimbe huanza na mti. Ndiyo maana picha ya kivimbe pekee haitoshi, lazima uongeze jani zima, ua kama lipo, na gome. Mimi huweka sarafu ya mia mbili pembeni kama kipimo.

Kwenye mashamba ya chumvi kereng'ende wa rangi ya dhahabu walikuwa hewani kwa mamia, hawatui. Pantala flavescens. Mwaka 2009 Charles Anderson, mtaalamu wa viumbe vya bahari aliyekuwa akiishi Maldivi, alieleza kwamba kereng'ende hawa huvuka Bahari ya Hindi kutoka India kupitia Maldivi hadi Afrika Mashariki, wakifuata pepo na mvua, wakizaa kwenye madimbwi ya njiani, na kwamba mzunguko mzima wa vizazi vyao unafikia kilomita 14,000 hadi 18,000. Wanafika na vuli. Dereva wangu wa bajaji alivishika viatu vyangu mkono mmoja na kunyoosha mwingine juu, mmoja akampita karibu sana. "Hawa wametoka India?" Nikamwambia huenda bibi yao ndiye aliyetoka India. Alitaka tarehe na jina, nikamwandikia nyuma ya risiti.

Usiku ule, Mwananyamala, chupa ya kwanza ilikuwa na wadudu. Vijinyigu vidogo vimepanda juu kwenye kitambaa. Niliwatazama kwa lenzi mpaka Shangazi akaja kuuliza kulikoni. Walikuwa wa namna mbili: wengi wembamba, kahawia iliyokolea na mabaka ya njano, na wawili weusi, wanene, vichwa vikubwa. Nilimwelekeza Shangazi namna ya kusogeza jicho kwenye lenzi. Alikaa muda. "Hao weusi ndio wanaokula wenzao?" Nikamwambia ndivyo ninavyodhani. Alikwenda kuwaita majirani.

Jumapili, Novemba 26. Kurudi

Basi, mvua, Morogoro saa kumi jioni.

Zilipofikia rekodi

Vijinyigu vya kahawia vimepewa jina hadi jenasi, Quadrastichus, na mtambuzi wa Afrika Kusini aliyeniomba picha ya ubavu na ya vipapasio. Weusi wamekubaliwa kuwa Eurytoma, spishi bado. Kwa picha za simu sitarajii zaidi, na kielelezo kinachohitajika sasa ni cha kuhifadhiwa kwenye spiriti na mtu mwenye kibali. Nimeshaulizia utaratibu wake. Chlorophyllum, majimoto na kereng'ende wote wamepanda daraja. Vivimbe vya mchu havijaguswa na mtu.

Gharama kubwa ilikuwa usafiri. Lenzi niliinunua Kariakoo kwa 15,000 miezi iliyopita na bado ni nzima.

Mnaoishi Chanika, Mbagala, Buza, Mbande, Kimbiji na kote huko: kama jirani yenu upo mwambangoma, pigeni picha majani yake sasa, machanga, pande zote mbili, hata kama hayana kivimbe. Mti mzima usiovimba nao ni taarifa, mradi umeandikwa ulipo. Kama kuna nyumba karibu, chagueni kwenye rekodi mahali pasioneshwe kwa usahihi. Mimi nitarudi masika kwa yule bibi wa Kisarawe, tawi alilonikatia limeanza kuchipua kwenye kopo langu hapa dirishani na nimemwahidi kumpelekea mche.